Kadi Saba za Thamosi

Thamosi ya mama mkwe wangu ilikuwa ya rangi ya maziwa, imechorwa maua mekundu ubavuni, na juu yake ilikuwa na kitufe cha kubonyeza ili chai itoke bila kuinamisha chupa. Aliinunua Bungoma mjini, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa naye dukani. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa miaka mingi, kila nilipojikumbusha kisa hiki, nilijiondoa pale dukani, kana kwamba mambo yalianza bila mimi.

Pale nyumbani sote tulimwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu. Mimi nilizaliwa nje kidogo ya Kitale, katika zile familia zilizotoka mkoa wa kati zikaja kununua mashamba Trans-Nzoia. Nilipoolewa upande wa Sirisia lugha ya kwao sikuijua, kwa hivyo mimi na Mayi tulizungumza Kiswahili, changu cha shuleni na chake cha sokoni, na tulielewana vizuri. Mume wangu alikuwa fundi wa matrekta Kitale. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mambo ya kilimo mjini humo humo. Kila Krismasi tulikwenda kwao.

Dukani kulikuwa na thamosi za aina mbili.

"Mayi, hii ndogo ya bluu pia inaweka moto," nilimwambia. "Na bei iko chini."

"Lakini hii kubwa inarudisha pesa."

Mwenye duka alikuwa amekwisha kumweleza. Ndani ya katoni mlikuwa na kadi. Mnunuzi alitakiwa kuijaza, kuibania pamoja na risiti yenyewe na kipande cha katoni chenye nambari, kisha kuvituma vyote Nairobi kabla ya mwisho wa Januari. Kampuni ingemrudishia robo ya bei kwa hawala ya posta. Ilikuwa ofa ya sikukuu.

Mayi alinipa ile kadi. "Hebu soma. Ni kweli?"

Nilisoma upande wa mbele. Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, mistari mingi imesongamana, na mle dukani mlikuwa na joto na watu walikuwa wanatusukuma.

"Ni kweli, Mayi."

Akafungua leso aliyofunga kiunoni, akalipa.

Siku ya Krismasi akina mama wa kanisani walipitia pale mmoja mmoja kuja kukiona kile kitufe. Kila mmoja alitaka kubonyeza mwenyewe. Mayi aliwaachia, akawa anacheka na kuongeza maziwa, na kila aliyeondoka alikuwa ameambiwa habari ya robo itakayorudi kutoka Nairobi. Asubuhi ya sisi kuondoka alinipa kadi, risiti na kipande cha katoni, vyote amevikunja ndani ya karatasi ya daftari.

"Sisi hapa hatuna sanduku ya posta," akasema. "Wewe ukituma na hiyo yenu ya Kitale, haiwezi potea."

Niliviweka mfukoni mwa sweta.

Ukweli ni kwamba sikuona maana ya jambo lile. Nilihesabu bahasha, stempu, fomu ya Kiingereza, foleni ya posta, kisha miezi ya kungoja, yote kwa ajili ya robo ya bei ya chupa ya chai. Nilijiambia nitaijaza wikendi. Wikendi ikafika nikasema nitaijaza ofisini, na ofisini nikawa na barua za bosi. Katikati ya Januari nilifua lile sweta. Nilililoweka kwenye karai pamoja na nguo nyingine, na nilipolikamua nikasikia kitu laini mfukoni. Kadi ilikuwa bado inasomeka kidogo. Risiti ilikuwa donge.

Njia ilikuwepo. Mwenye duka alikuwa ameandika risiti katika kitabu chenye kaboni, nilimwona kwa macho yangu, na nakala ilibaki kwake. Ningekwenda Bungoma Jumamosi moja, nimweleze, aniandikie nyingine. Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili. Ya kwanza nilikwenda kusukwa nywele. Ya pili sikumbuki nilifanya nini, na hilo la kutokumbuka ndilo linaloniuma zaidi.

Februari Mayi alikuja Kitale na mkungu wa ndizi na kuku. Hakuwa ameketi hata dakika tano.

"Balua ya Nairobi bado?"

"Bado, Mayi."

"Wanakawia, hawa."

"Wana kazi nyingi."

Mwezi uliofuata alimtuma jirani aliyekuja kununua mbegu. Bado? Bado. Nilikuwa na kila nafasi ya kusema karatasi ililoa. Ni maneno mawili tu. Lakini mtu akishasema "bado" mara ya kwanza, mara ya pili inakuja yenyewe, na kufikia mara ya tatu tayari nilikuwa nimeanza kumlaumu yeye kwa kuuliza.

Pasaka ilipokaribia nilijua nitaulizwa tena, ana kwa ana. Nikatoa pesa kwenye mshahara wangu, robo kamili. Kama ningeishia hapo, nikampa mkononi na kusema ni zangu, pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilichukua bahasha ya kaki ya ofisini, nikaiingiza kwenye mashine, nikapiga chapa jina lake kwa herufi kubwa, na chini yake nikapiga anwani ya sanduku letu. Nilitia pesa ndani. Asubuhi ya Jumapili ya Pasaka nilimkabidhi, nikamwambia hawala ilikuja kwa jina lake na mimi nikambadilishia posta ya Kitale ili asisumbuke.

Mayi hakujua kusoma ila jina lake alilitambua. Aliliangalia muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, kisha akasema taratibu, "Nairobi wananijua." Jumapili ile ile alitoa fungu la kumi la zile pesa kanisani, na bahasha akaionyesha watu.

Nilikuwa nimeketi mstari wa nyuma. Nilipiga makofi na wengine.

Mwaka ukapita, nami nikasahau, au nikafanya kama nimesahau. Desemba iliyofuata tulipofika nyumbani nilikuta akina mama saba wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Mayi, wamevaa nguo za kanisa, kila mmoja ana katoni magotini. Ofa ilikuwa imerudi kwa sikukuu, na wote walikuwa wamenunua thamosi yenye kitufe. Mmoja aliuza maharagwe. Mwingine aliuza mbuzi mdogo. Mmoja, mama mrefu aliyeolewa upande wa Malakisi, alitumia pesa za tumbaku ambazo mume wake alitaka zinunue kitu kingine. Alikuwa amemwahidi mume kwamba robo itarudi, akatoa mfano wa Mayi.

"Si mmoja wetu alituma ikakubali?" akaniambia, akiniwekea kadi mapajani. "Basi na sisi ututumie huko."

Kadi saba, risiti saba, vipande saba vya katoni. Mayi alisimama mlangoni, ameshika kiuno, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyewaletea wenzake kitu kizuri.

Safari hii sikuweka kitu mfukoni mwa sweta. Siku ya kwanza ya kazi nilizipanga kadi juu ya meza ofisini, nikachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza nikageuza nyuma nikasoma yale maandishi madogo. Mstari wa tano ulisema kampuni itakubali ombi moja tu kwa kila sanduku la posta.

Nilisoma mara tatu. Akina mama saba, sanduku moja. Je, mstari huo ulikuwepo mwaka uliotangulia? Bila shaka. Ningeijaza kadi ya Mayi kama nilivyotumwa, ningeuona, na ningemwambia, "Mayi, waambie wenzako kila mtu atafute sanduku lake." Wangenunua ile ndogo ya bluu. Au wasingenunua kabisa.

Niliwaendea wenzangu wawili wa ofisini kuwaomba masanduku yao. Mmoja alisema mume wake hatapenda barua za watu asiowajua. Mwingine alikuwa ametuma ya kwake. Basi nikazijaza zote saba kwa anwani yetu, nikapiga chapa barua ndefu ya kuwaeleza wale wa Nairobi kwamba hawa ni wakulima, ni watu saba tofauti wenye nyumba saba, na kwamba huko kwao kila mtu hutumia sanduku la mtu mwingine. Nilituma kwa rejista, nikalipia mwenyewe. Kwa wale akina mama sikupeleka neno lolote kuhusu mstari wa tano. Nilijiambia nisiwatie hofu bure.

Jibu lilikuja Machi, katika bahasha nyeupe nzuri iliyochorwa picha ya thamosi kwenye kona. Ndani mlikuwa na hawala moja, ya mmoja wa wale saba, mke wa mwalimu wa kanisa, maana kadi yake ilikuwa ya kwanza juu ya nyingine, na barua ya heshima iliyosema wanasikitika lakini masharti ni masharti.

Niliipeleka nyumbani. Mayi aliwaita wote baada ya ibada, wakaketi ndani, nami nikaeleza, huku nikiwaonyesha barua na ile hawala.  Mke wa mwalimu alishika hawala yake kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

Yule mama wa Malakisi ndiye aliyesema kwanza. Hakupandisha sauti.

"Mwaka jana ilikuwa pesa. Mwaka huu ni karatasi."

"Hawala inabadilishwa posta," nikasema. "Kwa kitambulisho chake."

"Hebu Mayi alete ile bahasha yake."

Mayi akaenda akaileta. Aliihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Mama wa Malakisi akaziweka bahasha mbili juu ya meza, ubavu kwa ubavu, ya kaki na nyeupe. Wote wakainama.

"Ya Nairobi ni hii," akasema, akigusa ya kaki, ile niliyoipiga chapa kwa mikono yangu. "Hii tunaijua. Sasa hii ingine ya picha imetoka wapi?"

Mtu mmoja nyuma akasema jambo kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini. Kufikia wakati ule nilikuwa nimejifunza maneno machache. Nilisikia neno la pesa, na nikasikia jina la kabila letu sisi wa mkoa wa kati.

Mayi alisimama.

"Nyamazeni," akasema. "Huyu si mimi nilimzaa, lakini tangu aingie kwangu hajanidanganya hata siku moja. Pesa yangu alileta yote. Mungu ananiona. Kama amekula yenu, basi mimi pia nimekula."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu, na changu kilikuwa kimelowa jasho. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilijua ndio wakati, hakuna aliyehitaji kuniambia. Bahasha ya uongo ilikuwa mezani, sentimita chache kutoka kwa ya kweli, na mama wa watu alikuwa ameapa. Nikatazama chini, nikaacha mkono wangu ushikwe.

Wakaondoka bila kunywa chai.

Habari ilifika Kitale kabla ya mwezi kwisha. Binamu ya mume wangu alimkuta gereji akamwambia watu wa nyumbani wanasema mke wake amekula pesa za kanisa, maana kufikia hapo zilikuwa zimeshakuwa pesa za kanisa. Alifika nyumbani jioni, akaanza kunawa mikono kwa mafuta ya taa ili kutoa grisi, kama kila siku, na akaniuliza bila kunitazama.

"Ni kweli?"

Nikamweleza yote, kuanzia dukani. Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama ameapa?"

"Ameapa."

"Basi nenda umwambie. Mimi hiyo sikubebei."

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Mayi alikuwa shambani anapalilia mahindi. Hakuonekana kushangaa kuniona bila mume. Nilichukua jembe lililokuwa kando, nikapalilia mstari mmoja mzima nikiwa nyuma yake, na mwisho wa mstari nikamwambia. Aliniacha nimalize. Kisha akataka nirudie.

"Risiti iliroa."

"Ililoa, Mayi."

"Kwa maji tu."

"Kwa maji."

"Na mwenye duka alikuwa na kitabu."

"Alikuwa nacho."

"Na ile bahasha?"

"Niliipiga chapa mimi. Ofisini."

Aliketi kwenye nyasi za mpakani, akachukua kijiti na kuanza kukwangua udongo kwenye jembe lake. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Fungu la kumi nilitoa," akasema mwishowe. "Nilitolea Mungu kitu haikuwa."

Niling'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu.

"Si ungesema tu imeroa? Mimi ningekufanya nini? Hii thamosi ingeendelea kuweka moto tu."

"Niliona haya, Mayi."

"Haya." Akalirudia lile neno kama anayelionja. "Sasa angalia ile umenipatia mimi." Akainuka. "Kesho utawaambia wewe mwenyewe. Kiswahili pole pole, kila mtu asikie. Mimi nitakaa."

Niliwaambia. Walikuwa sita, maana mke wa mwalimu alikuwa ameshabadilisha hawala yake na hakuona sababu ya kuja. Mayi aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani, na muda wote hakuniinulia macho. Niliposema habari ya mashine ya ofisini, mama mmoja alicheka, halafu akafunika mdomo. Wengine walisikiliza tu. Nilisema nitawalipa wote ile robo kutoka kwenye mshahara wangu, kidogo kidogo.

Mama wa Malakisi aliuliza maswali mawili.

"Kwa hivyo ile ya picha ndiyo ilikuwa ya ukweli?"

"Ndiyo."

"Na sisi tulinunua kwa sababu ya ile ya uongo."

"Ndiyo, mama."

"Basi yangu usilete," akasema. "Nilimwambia bwana yangu pesa itatoka Nairobi. Nikimpelekea yako nitasema nini, ati nimeombewa?" Nyumbani kwake, nilikuja kusikia, thamosi ile ilikuwa sababu ya matusi msimu mzima wa tumbaku. Wale watano niliwalipa hadi Agosti. Walipokea, wakashukuru, na mmoja hata alinipa mayai. Mama wa Malakisi nilimpelekea pesa yake mara mbili na mara mbili akairudisha kwa mtu yule yule niliyemtuma.

Mambo ya ofa hayakuisha. Miaka ya tisini kila Desemba maduka ya Kitale yalijaa vikaratasi vya kukata na kutuma: sabuni, mafuta ya kupikia, betri. Wenzangu ofisini walinijua kama mtu wa maandishi, wakawa wananiuliza kama inafaa kuhangaika. Niliwajibu kwamba kwa mtu mwenye sanduku lake, anayesoma Kiingereza, na aliye karibu na posta, pengine inafaa, ila ageuze kadi asome nyuma kabla ya kulipa. Lilikuwa jibu zuri. Walinishukuru kwalo. Sikuwaambia nililipata wapi.

Mayi hakunichukia. Alizidi kuniletea ndizi, alikaa kwangu wiki tatu nilipojifungua mtoto wa pili, na mbele za watu hakuwahi kulitaja jambo lile tena. Lakini mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipoanza kuumwa miguu, alipata barua kutoka hospitali ya Bungoma. Nilikuwa nimefika siku ile, niko jikoni nachagua mchele. Kijakazi wa jirani aliileta, Mayi akaipokea, akaigeuza. Nikapangusa mikono nikijua nitaitwa.

Akajifunga leso, akachukua fimbo yake, akaanza kuteremka kuelekea kwa mwalimu wa kanisa ili asomewe. Ni mwendo wa karibu nusu saa kwa mtu mwenye miguu mizima. Nilisimama dirishani nikamtazama akipumzika mara ya kwanza penye kisima, na mara ya pili penye kona. Nilitaka kumwita, nikafungua mdomo, halafu nikarudi kwenye mchele.